NJIA ZA BAISKELI HUKO KITENGELA NA KAJIADO



Mara nyingi katika karatasi hii tumeandika juu ya mishahara, nyumba na saa za kazi, na hayo hatuyaachi. Leo twataka kuandika juu ya baiskeli. Twajua wako watakaosema ya kwamba huo ni mchezo wa matajiri na watoto, na chama cha wafanya kazi hakikuundwa kwa ajili ya michezo. Twawaomba hao wasome mpaka mwisho, kisha waseme.

Jambo lenyewe ni hili. Kila Jumamosi na Jumapili twaona motokaa zikitoka Nairobi kwa barabara ya Namanga, nyuma zimefungiwa baiskeli za milimani, zile zenye matairi mapana ya meno, gia nyingi, na springi katika uma wa mbele. Zapita Kitengela, nyingine zaendelea Isinya hata Kajiado, kisha zaingia katika malango ya mashamba ya watu. Ndani mna njia nyembamba zilizochongwa kwa jembe, zenye kona na matuta, na mna mwalimu afundishaye jinsi ya kupanda na kushuka. Wageni walipa langoni, wamlipa na mwalimu, na jioni warudi kwao na vumbi na furaha. Hatuna neno nao. Mwenye shamba ana haki ya kufanya biashara katika shamba lake, na mtu aliyefanya kazi juma zima, hata kama kazi yake ni ya kukaa kitini, ana haki ya kutoka jasho apendako.

Lakini tuangalie vitu viuzwavyo pale langoni. Ni viwili: ujuzi na njia. Na hivyo viwili ndivyo mfanya kazi wa huku avikosavyo, naye ndiye apandaye baiskeli siku sita katika juma, si moja.

Fikirini mtu akaaye nyuma ya Kitengela na kufanya kazi Athi River, kiwandani mwa nguo au simiti, au pale stesheni. Nauli ya matatu kwenda na kurudi yamla mshahara kabla haujafika mwezi nusu, basi anunua baiskeli. Zamani alipita mbugani kwa njia ya ng'ombe, kimya, bila gari hata moja. Siku hizi njia ile yaishia kwenye seng'enge. Ajaribu nyingine, hiyo nayo ina lango na mbwa. Mwisho atokea barabara kuu, na barabara ile ndiyo iendayo mpakani Tanzania. Ina malori ya simiti, malori ya mizigo na matatu yenye haraka, na kando ya lami hapana mahali pa gurudumu lake. Alfajiri ni giza. Dereva wa lori hamwoni, au amwona akiwa amechelewa. Kila mmoja wetu akaaye upande ule amewahi kusimama kwenye kikundi cha watu wakiangalia baiskeli iliyokunjika.

Na mtu huyo akiumia, sheria yamhesabuje? Sheria ya Fidia ya Kuumia Kazini ya 2007 huihesabu safari ya kwenda kazini kuwa sehemu ya kazi pale mwenye kazi alipotoa gari la kuwachukua watu wake. Mtu aliye juu ya baiskeli yake mwenyewe yu nje ya maneno hayo. Basi hana njia, na akianguka hana fidia. Sasa mtuambie kama huu ni mchezo wa watoto.

Nchi hii ilikuwa wazi, na si zamani sana. Wamasai wa Kaputiei walichunga kutoka Mto Athi mpaka kusini, na wanyama wa mbuga ya Nairobi, iliyowekwa mwaka 1946, walitoka na kuingia kwa upande wa Kitengela bila kuulizwa. Sheria ya 1968 ikaleta mashamba ya vikundi. Katika miaka ya 1980 shamba la kikundi la Kitengela likagawanywa, kila mtu akashika hati yake, na kutoka hapo vipande vikauzwa, eka kumi, eka moja, mpaka thumuni ya eka. Ile sheria ya 1968 ilikuja kufutwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, lakini seng'enge hazikufutwa. Hatuwalaumu waliouza. Mtu mwenye karo ya kulipa na ng'ombe waliokufa kwa ukame huuza alicho nacho. Na wanunuzi wengi ni wafanya kazi kama sisi, waliotaka pahali pao penyewe pa kuweka kichwa. Hakuna aliyekaa chini akakusudia kuifunga njia ya mwenzake. Kila mmoja alizungushia chake, na njia, kwa kuwa haikuwa ya mtu, ikakosa msemaji.

Sisi wa Reli twajua vizuri jinsi njia ipatikanavyo pale wakubwa waitakapo. Stesheni ya Kajiado iko kwenye tawi la reli litokalo Konza kwenda Magadi, lililojengwa kwa ajili ya magadi na kumalizika kama mwaka 1915. Magadi yalitaka kufika baharini, na njia ikapatikana, ikapita katikati ya nchi ya malisho, maili kwa maili. Mwenye baiskeli ataka upana wa mita moja tu, naye aambiwa haiwezekani.

Tena tuseme wazi, maana twasikia vijana wakishauriana: mtu asifanye njia ya baiskeli kando ya mataruma. Tumewaokota wengi. Gari la moshi likija kwa nyuma na upepo ukiwa wa mbele, hulisikii.

Sasa tuje kwenye ujuzi, kwa maana hapa ndipo wengi hudhani hapana la kufundishwa. "Baiskeli nimeipanda tangu utoto," asema mtu. Kweli. Wengi wetu tulijifunza juu ya Black Mamba ya baba, mguu mmoja umepitishwa chini ya paipu kwa kuwa kiti kilikuwa juu kuliko kichwa. Huko ni kujua kwenda. Kushuka mlima wa mawe ni elimu nyingine, na waalimu wa hizo baiskeli za milimani wana hesabu zake, ambazo mtu wa injini atazielewa upesi.

Chukueni breki. Mtu wa Black Mamba huogopa breki ya mbele, ati itamrusha kichwa chini, basi hushika ya nyuma tu. Lakini chombo chochote kipunguzapo mwendo, uzito wake huja mbele. Gurudumu la mbele hushika ardhi kwa nguvu, la nyuma hupungukiwa na uzito, hujifunga na kuteleza. Kwa hiyo kazi kubwa ya kusimamisha hufanywa na breki ya mbele, ikivutwa pole pole kwa kidole kimoja au viwili, mwili umerudishwa nyuma na miguu imesimama imara juu ya pedali. Arushwaye ni yule aikamataye kwa ghafula huku amekaa kitini, mikono imenyooka kama miti.

Tena kona. Dereva wa gari la moshi hapunguzi mwendo akiwa ndani ya kona, hupunguza kabla. Baiskeli ni hivyo hivyo: breki kabla, ndani ya kona magurudumu yaachwe yazunguke. Gia nayo hubadilishwa kabla ya kilima kuanza, cheni ikiwa bado nyepesi. Ukingoja mpaka uzito wote uko juu ya pedali, cheni hulia, huruka, au hukatika. Pedali ziwe sawa sawa, moja mbele na moja nyuma, ili ya chini isigonge jiwe. Magoti na viwiko vikunjwe, viwe springi. Na macho, ndugu zangu, yaangalie mbele mahali utakapo kwenda. Ukilikazia macho shimo, utaliingia.

Hayo hayafundishwi barabarani kati ya malori. Yataka mahali penye mteremko mdogo, kisha mkubwa, mahali ambapo mtu akianguka ataanguka juu ya nyasi. Ndiyo maana twasema ujuzi na njia vyaenda pamoja, na anayenyimwa njia amenyimwa na ujuzi. Kuna na mambo ya huku kwetu ambayo mgeni hajui. Udongo wetu mweusi mvua ikinyesha hujaa kwenye uma mpaka gurudumu likatae kuzunguka, na apandaye siku hiyo aiharibu njia kwa miezi. Miiba ya migunga haichagui tairi la tajiri wala la maskini.

Baiskeli hizi zilianzaje? Si katika kiwanda kikubwa. Huko Marekani, katika vilima vya Marin karibu na San Francisco, vijana walichukua baiskeli kuukuu za miaka ya 1930, nzito kama Black Mamba, wakashuka nazo milimani. Breki zilikuwa za kurudisha pedali nyuma, ndani ya habu. Katika mteremko mmoja habu ilipata moto mpaka grisi yote ikageuka moshi, na jioni ilibidi kufungua na kupakia grisi mpya. Kwa hiyo mashindano yao, yaliyoanza tarehe 21 Oktoba 1976, yakaitwa Repack, yaani kupakia tena. Mafundi wanaelewa. Kutoka baiskeli kuukuu za watu wasio na kitu ukatoka mchezo ulioingia katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, na baiskeli moja yake leo yaweza kuuzwa bei ya motokaa.

Na hapa Kenya hatukosi mfano. David Kinjah wa Kikuyu, na kikundi chake cha Safari Simbaz, amewafundisha vijana kwa miaka mingi, wengi wao wasio na kitu, nyumbani kwake. Katika waliopita mikononi mwake alikuwa kijana mmoja Mzungu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome, aliyepanda pamoja nao baiskeli za milimani katika njia za vijijini. Huyo alikuja kushinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Bendera iliyopanda ilikuwa ya Uingereza, basi sisi tulipiga makofi tukiwa mbali. Lakini mwalimu alikuwa wetu, na njia zile hazikuwa na lango. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanywa Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Je, mtoto wa fundi wa Kajiado atajifunzia wapi, ikiwa kila kilima kina kufuli?

Sasa tusikie upande wa wenye mashamba, kwa maana tumeongea na baadhi yao, na si watu wabaya. Wasema watu huacha malango wazi na ng'ombe wakatoka. Wasema mbuzi huibiwa. Wasema baiskeli hushuka kwa kasi na kuwatawanya ndama. Na zaidi ya yote wasema: mtu akivunjika mguu katika shamba langu, atanipeleka kortini. Hoja tatu za kwanza ni za kweli, nasi hatuna jibu ila nidhamu. Ya nne ina jibu katika sheria. Sheria ya wenye mahali na wageni wao, Sura ya 34, yamtaka mwenye mahali awe na uangalifu wa kawaida kwa mgeni wake, lakini haimtwishi hatari ambayo mgeni mwenyewe aliikubali kwa hiari yake. Karatasi iliyoandikwa vizuri na kutiwa sahihi itawapa usingizi wenye mashamba wengi.

Tena iko habari ambayo chama chapaswa kuisoma vizuri. Mwaka 2000, hapo hapo Kitengela, walianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi ili wasiifunge kwa seng'enge, wanyama wa mbuga wapate kupita. Malipo yalikuwa kama dola 4 za Kimarekani kwa eka moja kwa mwaka, na yaligawanywa ili yafike wakati wa kufungua shule, mzazi alipe karo. Fedha ile haikuwa kubwa, na ploti zilizidi kuuzwa, lakini wengi waliingia kwa hiari yao na ardhi yao ikabaki wazi. Ikiwa ilipatikana fedha ya kumpitisha punda milia, haiwezi kupatikana ya kumpitisha mpiga pasi wa kiwandani? Hatusemi hivyo kwa kumchukia punda milia.

Na si lazima fedha tupu. Huko Marekani, baiskeli zilipopigwa marufuku katika njia nyingi nyembamba, wapandaji walifanya chama chao mwaka 1988, wakajitolea kushika majembe na kutengeneza njia zile zile walizokatazwa. Wenzetu wa ganga la njia wana elimu hiyo kuliko mtu yeyote. Adui wa reli ni maji, na adui wa njia ya baiskeli ni maji. Njia ikilazwa kidogo kuelekea bondeni, maji huvuka na kwenda zake. Ikichongwa kama mfereji, baada ya mvua mbili ni korongo, na shamba la mtu limekatika. Siku mbili za kazi ya mikono za watu ishirini wajuao mitaro ni malipo ambayo mwenye shamba hatayakataa upesi.

Wako vijana katika tawi wasemao tuingie tu, na wameuliza kama wafanya kazi wa nchi nyingine hawakufanya hivyo. Walifanya. Tarehe 24 Aprili 1932 watu mia kadhaa, wengi vijana wa viwandani wa Manchester huko Uingereza, waliingia kwa miguu katika mlima Kinder Scout, uliofungwa kwa ajili ya mabwana kuwinda ndege. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Askari walimngoja kwenye stesheni ya gari la moshi, naye akaenda kwa baiskeli. Watano wakafungwa, yeye miezi minne. Mwaka 1949 ikaja sheria ya mbuga na ya kupita mashambani, na mwaka 1968 sheria nyingine ikaruhusu baiskeli kwenye njia za farasi, kwa sharti la kuwapisha waendao kwa miguu na wenye farasi. Scotland ilikwenda mbali zaidi mwaka 2003.

Twaipenda habari ya Rothman, lakini hatusemi mkakate seng'enge. Kinder Scout ulikuwa wa bwana mkubwa wa mashamba, mwenye milima zaidi ya awezavyo kuitembea. Mwenye shamba wa Kajiado mara nyingi ni mzee mwenye eka ishirini na ng'ombe wanane, ambaye babu yake alihamishwa kwa mapatano ya 1904 na 1911. Huyo si wa kuvamiwa. Huyo ni wa kukaa naye chini ya mti, kunywa chai yake, na kumwuliza.

Sheria yetu yenyewe ina mlango. Sheria ya Ardhi ya 2012 yakubali kuwe na njia ya kupita kwa ajili ya watu wote, na yaweza kuombwa na serikali ya kaunti, au chama, au kikundi cha watu, na mwenye ardhi hupata fidia. Chama, ndugu. Neno hilo limeandikwa pale. Kwa njia ya kwenda kazini tutumie mlango huo. Kwa njia za kujifunzia na kuchezea, zilizo ndani ya mashamba, tutake mapatano ya hiari: siku moja au mbili katika juma, ada ambayo mtu wa mshahara mdogo aweza, njia ipite ukingoni mwa shamba, ng'ombe wapishwe, lango liachwe kama lilivyokutwa, na siku ya tope mtu asiingie.

Liko na neno moja juu ya waalimu na wachongaji wa hizo njia. Vijana kadhaa wa huku wamepata kazi hiyo, nao hulipwa kwa siku, mvua ikinyesha hapana siku. Wengine wamefanya hivyo mwaka mzima. Na wajue ya kwamba Sheria ya Kazi ya 2007 yasema mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja ahesabiwe mtu wa mwezi. Mwalimu wa baiskeli ni mfanya kazi. Mlango wa chama uko wazi kwake, hata kama kazi yake yafurahisha.

Kamati ya tawi yataka orodha ya njia zilizofungwa, kutoka Athi River mpaka Kajiado. Andikeni njia ilianzia wapi, iliishia wapi, watu wangapi waliipita asubuhi, na ilifungwa mwaka gani. Jina la mwenye shamba msiliandike kwa kumshitaki. Liandikwe ili tujue ni nani wa kumtembelea. Tena kila ajuaye kutengeneza baiskeli, na kila ajuaye mitaro, aandike jina lake. Karatasi ziko kwa katibu, na zirudi kwake kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi.